Ajuza Anakunywa Maji

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu amenipa daftari hili asubuhi. Anasema kila nikirudi kutoka kazini nammwagia yeye hasira za karakana, na yeye si beseni. "Andika humo," ameniambia. "Daftari halina presha." Haya, naandika.

Mvua imeanza. Na Mzee amempa mwanyumba wangu Ajuza.

Mzee ni baba mkwe wangu. Karakana ni yake, iko mbele ya nyumba yake, na mimi nimefanya kazi humo tangu kabla sijamwoa binti yake mkubwa. Ajuza ni gari lake aina ya stesheni wagoni, la zamani kiasi kwamba vipuri vyake tunavichomoa kwenye magari yaliyokwisha kufa. Binti zake wote wawili walijifunzia kuendesha humo. Oili ya Ajuza naimwaga mimi, breki zake nazifunga mimi, na mlango wake wa nyuma ukigoma ni mimi ninayejua upigwe wapi ufunguke. Sasa anapoteza maji ya rejeta na hakuna ajuaye yanakokwenda. Na Mzee amemwita nani? Amemwita huyo mwanyumba, mume wa shemeji yangu, aliyeingia karakana hii mwaka jana tu, na begi la zana lililopangwa vizuri kama sanduku la bwana harusi.

Wateja wamempa jina, Fundi Taratibu. Mimi wananiita Fundi tu.

Ingekuwa gari peke yake ningenyamaza. Lakini magoti ya Mzee yamechoka, na alishatuambia wote wawili kwamba mvua hizi zikiisha atapumzika, na ufunguo wa karakana atamkabidhi mmoja wetu. Mmoja, alisema, maana manahodha wengi chombo huenda mrama. Tangu siku ile kila kitu anachomshikisha Taratibu mkononi, hata kikombe, naona ni ule ufunguo.

Jumatano, 5 Machi

Mtu huyu hufanya kazi kama anayeogesha mtoto mchanga. Leo kwanza amemkausha Ajuza kwa kitambaa, mpira mmoja wa maji baada ya mwingine, chini amemtandikia maboksi makavu aone tone litadondokea wapi. Kisha akatoa pampu yake ya kupimia rejeta, ambayo tajiri wake wa zamani alimpa alipoacha kazi, akaifunga kwenye mdomo wa rejeta, akajaza upepo, akakaa. Akakaa! Mshale wa pampu haukusogea, yaani hakuna panapovuja, na yeye hakusogea.

Shida ya kutafuta uvujaji wakati wa mvua ni kwamba kila kitu kinavuja. Gari likiingia uani linadondosha maji kila upande, na boksi limelowa kabla hujalitandika. Taratibu analishika kila tone kwa vidole viwili, analisugua, analinusa. Maji ya mvua ni mepesi, ya rejeta yanateleza na yana ukijani wa ile dawa inayotiwa humo. Hilo hata mimi nalijua. Lakini mimi nikilijua hakuna anayeleta kigoda aje kuniangalia. Mzee alileta kigoda. Alikaa pembeni yake, wakawa wanaongea na kucheka, mimi niko chini ya gari la mikate la mteja wetu wa siku zote nasikia vicheko na sisikii maneno.

Nilitoka nikasema wazi, "Hiyo ni gasketi ya silinda hedi. Tufungue injini tumalize."

"Inawezekana, mwanyumba," akasema. "Ila oili yake ni safi, na ekzosi haitoi moshi mweupe. Tusimpasue mgonjwa kabla hatujampima."

Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. Hadi jioni amekuwa akiwarudia wateja maneno hayo. Tusimpasue mgonjwa! Nimemeza mate machungu siku nzima.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Leo Mzee amemwita Taratibu "mwanangu". Mimi jina hilo nililisubiri miaka.

Jumamosi, 8 Machi

Amebandika ukanda wa gundi kwenye chupa ya akiba ya maji, sawasawa na maji yalipofika. Kila asubuhi, kabla injini haijawashwa, ataangalia maji yako wapi. "Mimi naweza kudanganyika," alimwambia Mzee, "lakini maji hayadanganyi."

Nyumbani mke wangu amenieleza jinsi mume wa mdogo wake anavyofua nguo zake mwenyewe. Nikamuuliza kama na yeye anataka kumkabidhi ufunguo. Amecheka. Mimi sikucheka.

Jumatatu, 10 Machi

Geti hulifungua mimi, kwa hiyo huwa wa kwanza kufika. Leo nilifunua boneti la Ajuza kwa nia ya kuchungulia tu. Maji yalikuwa yameshuka chini ya ukanda, upana wa kidole kizima.

Niliyaangalia. Nikamwona Taratibu akiinama hapa baada ya muda mfupi, akimwita Mzee, nikawaona wakitikisa vichwa pamoja kama madaktari. Nikamwona Mzee akimpiga begani. Roho iliniuma kweli kweli, si maneno ya kuandika tu, iliniuma hapa chini ya mbavu. Na chupa ya maji ya kunywa ilikuwa mkononi mwangu.

Nilimimina hadi kwenye ukanda. Nikafuta chupa, nikafunika boneti, nikaenda kufungua nati za gari la mikate nikipiga mluzi.

Alipofika alifunua, akaangalia, akafunika. Akafunua tena. "Hayajapungua," alisema, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepapasa mfuko asikute funguo. Mzee alirudi ndani bila kukaa.

Nimekula vizuri leo.

Jumatano, 12 Machi

Jana na leo maji yalikuwa pale pale. Sikuwa na la kufanya.

Alhamisi, 13 Machi

Yameshuka. Nimeongeza.

Jumapili, 16 Machi

Leo tulialikwa chakula kwa wakwe. Kwanza Mzee alimpeleka Mama Mkwe kwa dada yake, ambaye anaumwa. Humpeleka kila Jumapili na kila Jumatano. Mimi na mke wangu tulipanda nyuma ili turudi nao. Joto! Mama Mkwe ndiye mtu pekee ninayemjua anayewasha hita ya gari. Mvua zikianza tu anasema miguu yake inakufa ganzi, anafungulia hita miguuni mpaka kioo cha mbele kinaingia ukungu, na Mzee anaendesha akifuta kioo kwa kiganja.

"Baba, tutaoka mikate humu," mke wangu alisema.

"Muulize mama yako," Mzee alijibu. "Mimi hapa ni dereva tu."

Kapeti la mbele lilikuwa limelowa. Mama Mkwe alilalamika. Mzee akasema ni mpira wa mlango umechakaa, mvua inaingia. Kwenye chakula, kipande kikubwa cha nyama alipewa Taratibu. Mke wangu anasema nilikuwa nahesabu vipande kama mgambo. Sikuhesabu, niliona tu.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeongeza.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeongeza. Rangi ya kijani imefifia sana, maji sasa ni meupe kama ya bomba. Ni ya bomba.

Taratibu amebadilisha kifuniko cha rejeta, amekaza klipu zote, amepapasa chini ya pampu ya maji, hakuna kitu. Mchana niliona ameinama miguuni pa kiti cha abiria, anapapasa kapeti. Alisugua vidole, akavinusa, akavionja kwa ncha ya ulimi. Niliacha kukaza nati.

"Maji matupu," alimwambia Mzee. "Hayatelezi, hayana rangi."

"Mpira wa mlango, nilisema," Mzee alijibu.

Nilijitia hamnazo, nikaendelea na kazi.

Jumatatu, 24 Machi

Leo Mzee alichoka. "Wiki mbili hajapungua hata tone. Ajuza amepona."

"Baba, gari halijiponyi," Taratibu alisema. "Kabla ya hapo lilikuwa linapungua, uliniambia mwenyewe. Kuna kitu sikioni. Niachie wiki moja zaidi, na usiende nalo mbali."

"Utapima mpaka lini? Mke wangu ana mgonjwa wa kwenda kumwona." Mzee akaubandua ule ukanda mwenyewe, akaufinyanga, akautupa. "Limepona, liacheni lipumzike. Mtu asiliguse." Kisha akanigeukia mimi. Mimi! "Au unasemaje, mwanangu?"

Nikasema wakati mwingine fundi akitafuta sana ugonjwa huumba wa kwake. Mzee alicheka, akashika mbavu zile zile. Taratibu aliniangalia bila hasira, akaenda kukunja maboksi yake.

Huyu mtu hata kukasirika hajui. Hilo nalo linanikera.

Ijumaa, 28 Machi

Bado natia maji. Sikufikiria mbele kiasi hiki. Nikiacha yatapungua, yakipungua Mzee ataona, ataanza kuuliza. Kwa hiyo naamka kabla ya jogoo, nakwenda kumnywesha bibi kizee wa chuma mwenye kiu isiyoisha, na namnywesha ili mtu mwingine aonekane mjinga. Nikiandika hivi naona jinsi lilivyo. Kesho nitaamka tena.

Jumanne, 1 Aprili

Mke wangu: "Siku hizi unaamkia wapi?"

"Kazini."

"Kazi gani inayofunguliwa gizani?"

Nilimwambia kuna gari la haraka. Alininusa shati. Nikamwambia ananusa nini, akasema ananusa gari la haraka.

Alhamisi, 3 Aprili

Amenifuata.

Nilikuwa nimeinama kwenye boneti, chupa mkononi, maji yanaingia taratibu, nikasikia mtu anavuta pumzi nyuma yangu. Mke wangu, kanga kichwani, viatu vimejaa matope. Aliangalia huku na huku, akachungulia ndani ya Ajuza, nyuma ya gari la mikate, hata ndani ya stoo. Alipoona hakuna mwanamke alikaa juu ya tairi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nami nikacheka. Nilidhani yameisha.

"Kwa hiyo unatia maji," alisema akijifuta macho. "Si mngesema linapungua? Baba anamwambia kila mtu limepona."

Mke wangu si mjinga, amekulia ndani ya karakana. Nilimwona akiangalia chupa, akiangalia kile kibandiko cha gundi kilichobaki pale ukanda ulipokuwa, akihesabu moyoni. Kicheko kilimkauka.

"Ungekuwa na mwanamke," alisema, "ningejua nigombane na nani."

Nilimwambia kuhusu ufunguo. Nilimwambia kuhusu kigoda, na "mwanangu", na kipande cha nyama. Vilipotoka mdomoni vilikuwa vidogo kuliko nilivyovibeba. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Miaka yote uliyokaa hapa," akasema, "unadhani Baba alikuwa hakuoni? Alikuwa hakai na wewe kwa sababu hana wasiwasi na wewe. Yule ni mgeni, anamkaribisha." Kisha akasimama. "Na mama yangu anapanda gari hili. Mwambie Taratibu leo. Asiposikia kwako atasikia kwangu."

"Nitamwambia mwenyewe," nikasema. "Usinidhalilishe."

Amekubali. Maji nimeacha kutia kuanzia leo. Angalau hilo nimeliacha.

Ijumaa, 4 Aprili

Taratibu amekuwa na wateja siku nzima. Sijamwambia.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua kubwa, uani maji hadi kwenye vifundo. Sijamwambia. Mke wangu aliuliza, nikasema kesho.

Jumatano, 9 Aprili

Nilimfuata mpaka kwenye meza yake ya zana. Alikuwa anafuta spana moja moja kama vijiko vya wageni. "Mwanyumba," nikasema. Akainua uso. Nikamuomba bisibisi.

Ijumaa, 11 Aprili

Sijamwambia. Ndani yangu kuna sauti inayosema, umeacha kutia maji, dhambi imekwisha, la kusema ni lipi? Nimeisikiliza sana sauti hiyo wiki hii.

Jumatatu, 14 Aprili

Ngoja niandike polepole, kama yalivyotokea.

Jana hali ya dada yake Mama Mkwe ilikuwa mbaya, wakamhamishia kwa mwanawe, kule juu ng'ambo ya mlima. Mzee akampeleka mkewe. Ilikuwa mvua na baridi, na Mama Mkwe alifungulia hita tangu nyumbani. Kwenye mpando mrefu mshale wa joto ulianza kupanda. Mzee anasema aliuona akadhani geji inacheza, maana gari limepona, si ndiyo? Akaendelea kidogo atafute pa kuegesha. Chini ya dashibodi kukasikika mlio kama wa kofi. Mvuke ukajaa garini. Maji yaliyokuwa yakichemka yakamwagikia miguu ya mama.

Mzee alimtoa garini kwa mikono yake, na magoti yale. Mvua ndiyo iliyompoza. Mwenye lori aliwapakia hadi zahanati.

Mguu wa kulia umeungua kote kwa juu, ngozi imevimba na kutoka. Wa kushoto kidogo tu. Muuguzi anasema atatembea, lakini si leo wala wiki hii. Nilisimama kando ya kitanda chake, nikamwambia pole, Mama. Akanishika mkono. Akaniambia nikae, nimechoka. Mimi!

Mke wangu hakuniangalia. Angepiga kelele ningeshukuru.

Jumanne, 15 Aprili

Ajuza amevutwa hadi karakana. Taratibu alimfungua mbele yetu. Ni ile rejeta ndogo ya hita, iliyojificha ndani ya dashibodi, imeoza na kupasuka. Hita ikifungwa, maji hayapiti kule, gari linakuwa zima kabisa. Ndiyo maana pampu yake haikuona kitu, alipopima hita ilikuwa imefungwa. Lilikuwa linavuja pale tu Mama alipowasha hita. Jumapili na Jumatano.

Jumatatu na Alhamisi nilikuwa nikikuta maji yameshuka. Nilikuwa na jibu lote mkononi, mimi peke yangu duniani, na mkono huo huo ndio uliokuwa unamimina. Na kama nisingeyafanya maji meupe, siku ile alipopapasa kapeti angeona kijani, angesikia utelezi, angejua papo hapo.

Taratibu alikaa chini na kile kichuma kilichopasuka mapajani. "Nilipima vibaya," alisema. "Sijui wapi. Lakini ukanda ulikuwa pale pale kila siku. Nilipima vibaya."

Mzee alilipuka. Sijawahi kumsikia hivi. Alimwambia anapoteza muda kunusa maji wakati mke wake anaungua. Alimwambia aende akafundishe taratibu zake kwingine. Shemeji yangu alikuwa amesimama mlangoni, analia bila sauti. Taratibu hakujitetea. Alisema, "Ni kweli, Baba. Nisamehe."

Kisha Mzee akatoa ufunguo mfukoni. "Wewe ulisema tangu mwanzo injini ifunguliwe," aliniambia. "Ningekusikiliza." Akauweka kiganjani mwangu, akavifunga vidole vyangu kwa mkono wake.

Niliupokea. Andika hivyo hivyo: niliupokea.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua imepungua. Mimi ndiye bosi wa karakana. Wateja wananipa hongera. Ufunguo ni mzito kuliko nilivyodhani, au suruali yangu mfuko umelegea.

Mke wangu ananipakulia chakula, anakaa upande wa pili wa meza, anakula akiniangalia. Hajamwambia mtu. Nilimuuliza kwa nini. "Ulisema utasema mwenyewe," alinijibu. "Nakusubiri."

Jumamosi, 19 Aprili

Taratibu ameacha kugusa injini. Leo mteja alimuuliza kama pampu ya maji inavuja, akamwambia, "Muulize Fundi, mimi siku hizi sijiamini." Alisema bila kulalamika, kama anayetaja saa. Mikono yake alikuwa ameiweka mapajani, imetulia kama si ya mtu.

Nilidhani siku nitakayomwona ameshuka hivi nitashiba. Sikushiba. Niliitaka karakana, niliutaka upande wa Mzee, nilitaka sifa zake zipungue kidogo tu kuliko zangu. Mikono yake sikuitaka.

Jumatatu, 21 Aprili

Anafunga begi. Amepata kazi ya kupakia magunia kwa jamaa wa baba yake. Magunia! Mtu anayesikia maji kwa vidole.

Nilikaa kwenye tairi mbele yake. Sikuomba bisibisi. Nilisema yote, kuanzia chupa ya kwanza hadi siku mke wangu aliponikuta, na siku zote nilizosema kesho. Nilimwambia ni siku zipi nilikuta maji yameshuka. Nilimwambia nilikuwa na wivu, na kwamba hata sasa namwonea wivu jinsi anavyonisikiliza.

Alikuwa ameshika koleo. Nilifikiri atanipiga nalo, na nisingelizuia.

"Kwa hiyo ukanda ulikuwa sahihi?" aliuliza.

"Ulikuwa sahihi."

"Na kapeti?"

"Yalikuwa ya rejeta. Mimi ndiye niliyeyaondolea rangi."

Akakaa chini sakafuni. Akaiangalia mikono yake, akaigeuza upande huu na huu, na ghafla akalia, mtu mzima, kwa sauti. "Siku sita," alisema, "siku sita nimelala nikijua mimi ndiye niliyemuunguza yule mama. Nimeogopa hata kukaza nati ya baiskeli."

Nikaanza kusema nisamehe. Akaniinulia kiganja.

"Umenirudishia kazi yangu. Hilo leo linanitosha. Kukuchukia nitaanza kesho."

Kisha akasema twende kwa Mzee, na akatangulia, maana alijua nikitangulia mimi naweza kupotelea njiani.

Mama Mkwe alikuwa kitandani, mguu juu ya mto. Mzee pembeni yake. Mke wangu na mdogo wake walikuwapo. Nilipiga magoti. Nilisema tena yote. Mara ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza.

Mama Mkwe ndiye aliyeanza.

"Alfajiri zote hizo ulikuwa unaamka, baba?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwenye mvua?"

"Ndiyo."

"Lo," alisema. "Na wanasema watu wa siku hizi ni wavivu." Halafu akageuzia uso ukutani, na nikaona bega lake linatikisika, na hakuwa anacheka.

Mzee alinyoosha mkono. Nikauweka ufunguo.

"Mguu huu," alisema, "ningekusamehe hata leo. Mtoto wako akikuunguza utamtupa? Na wivu nao naujua, nilikuwa na kaka mimi. Lakini nilimtukana huyu mbele ya mke wake, wewe umesimama pale. Nilikushika mkono, nikavifunga vidole vyako mwenyewe. Na wewe ukaniacha."

Mchuma janga hula na wa kwao, tunasema, kana kwamba wa kwao walialikwa.

Alimgeukia Taratibu, akataka kusimama amwombe radhi, magoti yakakataa. Taratibu akamwahi, akachuchumaa mbele yake. Wakashikana mikono hivyo kwa muda. Mimi nilitoka nje. Wivu? Ndiyo, hata pale. Lakini safari hii nilijua nimeona kitu ambacho si changu.

Jumatano, 23 Aprili

Taratibu ana ufunguo. Mzee alitaka niondoke. Taratibu alimwambia karakana ina magari mengi kuliko mikono. Mke wangu ndiye aliyenieleza, kwa ufupi, akikata vitunguu.

Jumapili, 4 Mei

Mama Mkwe ametembea hadi mlangoni akishikilia kiti. Amekataa kushikwa na mimi, akakubali chai niliyomchemshia. Alisema ina sukari nyingi.

Jumanne, 13 Mei

Mvua zimekwisha. Uani kumekauka, matope yamebaki na alama za matairi.

Leo nilifunga magurudumu ya gari la mikate, yote manne, baada ya kazi ya breki. Dereva alikuwa anasubiri kuondoka. Taratibu akaja akifuta mikono.

"Umekaza nati zote, mwanyumba?"

"Zote," nikasema. "Nimezirudia."

"Asante," alisema, na aliimaanisha, ilisikika. Kisha akaokota spana, akainama kwenye gurudumu la kwanza, akaanza kuzikaza tena, moja moja, hakuruka hata moja. Dereva aliniangalia. Mimi nikapiga magoti upande wa pili, nikamshikia taa.